Kazi ya Leo Haidaiwi Mradi

Ukipita kwenye ofisi za Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma, mwezi wa Julai, mwaka wa fedha ukiwa bado mbichi, utawakuta watumishi wameinamia kompyuta wakitafuta mahali pa kuzitundika kazi zao. Mfumo wa PEPMIS, ulioanza kutumika mwaka wa fedha 2023/2024 kuchukua nafasi ya fomu za OPRAS tulizozijua tangu 2004, unamtaka kila mtumishi wa umma aoneshe kazi yake inaingia kwenye lengo lipi. Kazi ndogo ya karani ining'inie kwenye kazi ya msimamizi wake, ya msimamizi ining'inie kwenye ya mkuu wa idara, na ya mkuu wa idara kwenye mpango mkakati wa taasisi. Kazi ikikosa pa kuning'inia, ni kama haikufanyika.

Wazo hili halikuzaliwa serikalini wala haliishii huko. Mhamasishaji anayekodi ukumbi siku ya Jumamosi analihubiri. Shajara zinazouzwa mwezi Januari zimechapwa hivyo: lengo la mwaka juu, chini yake la mwezi, la wiki, kisha la siku. Wanetu wana programu za simu ambazo hata ukiandika "kununua mkaa" zinakuuliza mkaa huo ni wa mradi gani. Imani iliyo chini ya yote hayo ni moja: kazi ya siku hupata thamani kutokana na jambo kubwa inalolitumikia, na isiyotumikia jambo kubwa ni muda uliotupwa.

Naipinga imani hii. Siipingi kwa kuwa ni nzito kuitekeleza, wala kwa kuwa mtandao hukatika tukiwa katikati ya kujaza. Naipinga kwa sababu imegeuzwa kichwa chini, miguu juu. Mradi, uwe wa mtu au wa taifa, ndio wenye deni: utuoneshe kesho asubuhi nani anafanya nini kwa ajili yake. Kazi ya leo haina deni hilo. Kama yupo mtu anayeihitaji, au kipo kitu kitakachoharibika isipofanyika, hiyo ni sababu tosha, na haihitaji kutafutiwa baba wa kambo ndipo ihesabiwe.

Nimekaa masjala miaka 19, katika taasisi ya umma ambayo sitaitaja. Masjala ndiko faili zinakozaliwa, zinakoanzia safari na zinakopotelea. Barua inaingia, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inapewa namba ya folio, inafungwa kwenye faili. Faili linapelekwa kwa afisa, afisa anaandika dokezo, faili linarudi, linapanda rafuni. Kesho hivyo hivyo. Hakuna siku ambayo masjala itakata utepe na kusema tumemaliza.

Mwaka juzi alikuja mzee kutoka upande wa Mvumi, mwalimu mstaafu. Jina lake kwenye mafao lilipishana herufi moja na jina la kwenye kitambulisho, na alitakiwa kuleta barua yake ya kwanza ya ajira ili kuthibitisha kwamba mtu ni yule yule. Nakala yake iliungua na nyumba zamani. Iliyobaki ilikuwa kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye funguo."

Faili lake halikuwa rafuni. Lilikuwa kwenye masanduku yaliyokuja na lori kutoka Dar es Salaam ofisi yetu ilipohamia Dodoma, na masanduku yale hayakuwa yamefunguliwa. Nitayarudia baadaye, maana yana somo lake. Nilikaa nayo siku moja na nusu, vumbi hadi kooni, mzee akinisubiri kwenye benchi la korido na chupa yake ya maji. Tukalipata ndani ya faili la mtu mwingine wa jina la ukoo kama lake. Barua ilikuwa ya mwaka 1979, imepigwa kwa taipureta, na saini bado inasomeka.

Ijumaa nikafungua mfumo ili nijaze. Kazi zangu za robo ile zilikuwa tatu: kuhuisha orodha ya faili, kuandaa taarifa ya robo mwaka, kusaidia kuhamishia kumbukumbu kwenye mfumo wa kielektroniki. Mzee wa Mvumi hakuwa mahali popote kati ya hizo. Nikaongeza asilimia kumi kwenye "kuhuisha orodha ya faili". Ulikuwa uongo. Nimeujutia, na najua uongo wa namna hiyo hauandikwi na mimi peke yangu.

Lakini uongo wangu ni jambo dogo kuliko nililoligundua baadaye. Mzee alikuwa amekuja mara ya kwanza wiki mbili kabla, akahudumiwa na kijana wetu wa masjala, akaambiwa arudi wiki inayofuata. Aliporudi akaambiwa tena vile vile. Nilimuuliza kijana kwa upole, kwa kuwa ni mchapakazi na ninampenda. Akanijibu, "Kaka, ile haikuwepo kwenye kazi zangu za robo hii. Ningeifanya, zangu zingebaki nyuma." Hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Alikuwa amefundishika. Tulimfundisha kuitazama kila kazi inayobisha hodi na kuiuliza kwanza wewe ni wa nani, na mzee hakuwa wa mtu.

Hapa mtetezi wa mfumo huinua mkono. Anasema kasoro ni ya upangaji tu: mngeweka lengo la "kuboresha utoaji wa huduma kwa wateja", na mzee angepata pa kuingia. Nimelisikia jibu hili kwenye vikao vingi. Tatizo lake ni kwamba lengo pana kiasi hicho linampokea aliyepekua masanduku siku moja na nusu, na linampokea vilevile aliyemwambia mzee arudi wiki ijayo, kwa kuwa wote wawili "walihudumia mteja". Ukilibana lengo ili limtofautishe huyu na yule, mzee anabaki nje. Ukilipanua ili mzee aingie, halipimi kitu tena. Nimejaribu kutafuta upana wa katikati kwa miaka miwili na sijauona.

Mizizi ya imani hii ni ya mbali. Mwaka 1954 Peter Drucker, mwalimu mkubwa wa menejimenti, alieneza fundisho kwamba malengo ya kila meneja yatokane na malengo ya shirika zima. Lilikuwa fundisho zuri kwa mameneja. Kosa likaja pale lilipoteremshwa ngazi hadi kwa karani, dereva na mhudumu, na kutoka kwao likaingia nyumbani kwa mtu, kwenye daftari lake la siku. Ndipo ikaja hadithi ambayo hakuna semina inayoikosa: mfagiaji wa shirika la anga la Marekani aliyeulizwa na Rais Kennedy anafanya nini, akajibu kwamba anasaidia kumpeleka mtu mwezini. Ukumbi mzima hupiga makofi. Mimi hadithi hiyo hunihuzunisha. Watu wa kwanza walitua mwezini Julai 1969, na safari ya mwisho ya Apollo ilikuwa Desemba 1972. Januari 1973 sakafu ile ilikuwa chafu kama kawaida. Mfagiaji aliyefundishwa kwamba heshima ya ufagio wake inatoka mwezini aliamka na heshima gani asubuhi hiyo? Sakafu ilistahili kufagiwa kwa kuwa watu wanaikanyaga. Hilo lingemtosha, na lingemtosha hadi anastaafu.

Nawapa wapinzani wangu haki yao, na kwa mkaazi wa Dodoma haki hiyo iko wazi kuliko kwa mtu wa mji mwingine wowote. Mradi ambao hauna kazi ya kesho hulala. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie hapa. Mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mwaka 1976 ukaja mpango kabambe wa mji, uliochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Mpango ulikuwa kuhama ndani ya miaka kumi. Ikapita 43. Kila mtoto wa shule ya msingi aliulizwa makao makuu ya nchi ni wapi na akajibu Dodoma, akapewa vema yake, wakati mawaziri wanalala Dar es Salaam. Zilikuwepo sababu nzito, sizidharau: vita vya Kagera, uchumi wa miaka ya 1980, gharama zenyewe. Lakini kukosa lengo kubwa hakukuwa miongoni mwake. Lengo tulikuwa nalo, limechorwa na limepigwa muhuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuulizwa Jumatatu unahamisha nini. Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba anahamia, na Septemba Waziri Mkuu Majaliwa alipofungasha na kuja, swali hilo likapata mwenyewe, na wizara zikaanza kufuatana.

Kwa hiyo nakubali, na nakubali kwa nguvu: mradi ulazimishwe kuonesha kazi yake ya kesho, ukishindwa ufutwe. Ninachokataa ni kuligeuza sharti hilo na kumbebesha mwenye kazi.

Na hapo masanduku yanarudi. Katika ofisi yetu, kuhamia Dodoma ulikuwa mradi wenye tarehe, bajeti na kamati. Kupakia faili ilikuwa kazi ya mradi. Kusafirisha ilikuwa kazi ya mradi. Kushusha, vilevile. Lori lilipoondoka, taarifa ikaandikwa kwamba zoezi limekamilika kwa asilimia mia, na ilikuwa kweli. Kufungua masanduku na kurudisha kila faili rafuni hakukuwa kwenye mradi wa kuhama, maana tumeshahama, wala kwenye mradi mwingine wowote, maana hakuna mpango mkakati unaoandika "tupange vitu vyetu". Kazi ikaanguka katikati, ikakaa hapo miaka, hadi mzee wa Mvumi alipokuja kuilipia kwa nauli yake.

Mnaodhani matatizo ya namna hii hutibika kwa kuzifunga kazi kwa kamba imara zaidi, nawaomba tuende Kongwa, safari ya kama saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa mjini. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield. Ukazunguka wiki tisa, ukarudi na mpango wa kusafisha zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini ili zilimwe karanga, Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Kongwa ikawa mwanzo. Sidhani nchi hii iliwahi kuona, kabla yake, kazi zilizounganishwa vizuri kuliko zile. Dereva wa trekta alikuwa na ekari zake, ekari zake zilikuwa sehemu ya shamba, shamba lilikuwa sehemu ya hesabu ya mwaka, na hesabu ya mwaka ilikuwa mezani London. Hakuna kazi iliyokuwa yatima.

Mwaka 1947 walilenga ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mibuyu na vichaka vilivunja vyuma. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, mvua ikikata na jua likishika unakuwa kama saruji, na karanga zilizokomaa ndani yake haziopolewi. Mvua yenyewe hukaa miezi michache na miaka mingine haikai. Wagogo waliokuwa wakiyatazama matrekta yale walikuwa na watu wazima wanaoikumbuka njaa ya Mtunya, ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na walilima uwele na mtama kwa sababu wanazozijua. Januari 1951 mradi ukatangazwa umekufa, zaidi ya pauni milioni 35 zikiwa zimekwenda.

Wanahistoria wametaja sababu nyingi, na haraka ndiyo wanayoitaja zaidi. Mimi naongeza moja ninayoiona kutoka dawati langu. Kila mkono uliokuwa Kongwa ulikuwa umefungwa kwenye ekari. Mtu anayezunguka tu, anayechimba shimo mwezi wa Agosti kuona udongo ukoje, anayekaa na mzee chini ya mbuyu kumuuliza mvua ya mwaka jana, kazi yake hiyo angeiandika kwenye safu ipi? Mwenye shamba la zabibu Makutupora hufanya hivyo kila asubuhi. Anapita kwenye mistari yake mikono nyuma, hana anachokifanya, na siku moja anainua jani na kukuta unga mweupe. Ubwiriunga ukigundulika siku hiyo, unatibika. Ungesubiri kazi ya kupulizia dawa iliyopangwa mwezi ujao, mavuno yangekuwa ya kusimuliwa.

Mfano unaonigusa zaidi umetoka Niger na kuja kuishi kwetu. Tony Rinaudo, Mwaustralia, alikuwa huko akiongoza mradi wa kupanda miti, na miche yake ilikuwa inakufa. Siku moja mwaka 1983, akipeleka miche vijijini, alishuka kupunguza upepo wa matairi ili gari lipite mchangani. Akiwa chini pale, akavitazama vichaka alivyozoea kuvipita. Majani yalikuwa ya miti. Ilikuwa miti iliyokatwa, visiki vyake vikiwa hai chini ya ardhi, vinachipua kila mwaka na kukatwa kila mwaka. Mradi wake ulikuwa unaleta miti mahali ambapo miti ilikuwepo tayari. Hakuna mpango ambao ungeandika "kushuka na kutazama vichaka" chini ya lengo la "kupanda miche kadhaa", na kama angekuwa na dereva mwepesi wa kumalizia matairi, pengine asingeona.

Njia ile leo mkoani Dodoma inaitwa Kisiki Hai. Shirika la LEAD Foundation, pamoja na Justdiggit la Uholanzi, limeifundisha kwa wakulima wengi: chagua machipukizi yenye nguvu, pogoa mengine, weka alama, linda. Najua nitaambiwa kwamba Kisiki Hai nao ni mradi, una wafadhili na takwimu. Ni kweli, na ni mradi mzuri kwa sababu ile ile ninayoipigania: unajua kesho mkulima atashika panga na kufanya nini. Lakini muulize mkulima. Mama niliyemkuta njia ya kwenda Chamwino akipogoa kisiki cha mgunga hakunitajia tabianchi. Alisema, "Hivi vijiti ni kuni zangu za jioni, na huyu aliyebaki atawapa mbuzi kivuli." Alikuwa anaelekea kisimani, na panga alikuwa nalo kwa shughuli nyingine. Kwake kazi ilikuwa imejitosheleza. Wenye takwimu wakiitaka, waje waihesabu wao, wasimsimamishe yeye njiani kumuuliza inaingia kwenye lengo namba ngapi.

Hata mwalimu wa mambo haya ambaye wahamasishaji wetu humtaja sana, David Allen wa Marekani, hakufundisha wanayoyafundisha wao. Katika kitabu chake cha mwaka 2001 anaanzia chini, kwenye yaliyo mezani na kichwani mwa mtu leo. Mradi kwake ni jambo lolote linalotaka hatua zaidi ya moja, na kila mradi anautaka uwe na hatua inayofuata, iliyo wazi, ya kufanywa kwa mikono. Sharti la pili, kwamba kila hatua iwe na mradi juu yake, tumeliongeza sisi.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, kwa kuwa limenipata mwenyewe. Linasema kwamba ukiziacha kazi ndogondogo huru, zitakumeza. Simu, barua, mgeni, maji yametoka kwa mgao kimbia ujaze ndoo, na mwaka umekwisha huku nyumba ya Nkuhungu haijafika lenta. Nyumba yangu mimi ilikaa kwenye msingi miaka minne. Lakini haikukaa kwa sababu nilijaza ndoo. Ilikaa kwa sababu "kujenga" ilikuwa imeandikwa kwenye daftari langu kwa herufi kubwa bila mahali panapoonesha ni siku gani naenda kuulizia bei ya tofali. Nilipoiandikia kazi ya kila wiki, ikapanda. Ndoo ziliendelea kujaa.

Sasa daftari langu ni hivi. Ukurasa wa kushoto una miradi, haizidi mitano, na mbele ya kila mmoja mstari mmoja tu wa kazi ya kesho. Mstari ukikaa mtupu wiki mbili, mradi naukata, hata kama ni wa kujivunia. Moja ya kazi hizo naifanya kabla ya saa nne asubuhi, kabla korido haijajaa watu. Ukurasa wa kulia una kazi za siku kama zinavyokuja: mzee wa Mvumi, bawaba ya kabati, kumpigia mama. Sichori mshale kutoka kulia kwenda kushoto. Nilikuwa nauchora zamani, na nilijikuta naahirisha kumpigia mama kwa kukosa mshale.

Kwa wasimamizi watakaoidhinisha mipango ya watumishi wao Julai inayokuja nina ombi. Msikubali robo ya mtu ijae hadi ukingoni. Siku moja katika tano iacheni bila kigingi, na mkija kuiulizia, ulizeni nani aliihitaji kazi iliyofanyika, maana swali hilo lina jibu lenye jina na sura. Mfumo wenyewe siwaambii muufute. Unaweza kuhesabu miradi vizuri sana ukiachiwa miradi.

Kwetu yamebaki masanduku 31. Nimeyahesabu. Kila Alhamisi alasiri nafungua moja, na yule kijana siku hizi huja kushika upande wa pili bila kuitwa. Kwenye mfumo, alasiri hiyo naiacha tupu, na nimemweleza msimamizi wangu kwa nini.